Kuchagua mashine ya CPAP: barakoa na umeme kwanza, chapa baadaye

Mgonjwa akitoka kwa daktari na karatasi inayosema anahitaji mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa puani ili pumzi isikatike usingizini, swali analokwenda nalo dukani huwa moja: ipi ndiyo bora? Muuzaji humwonyesha ile ya bei kubwa. Baada ya miezi michache mashine imewekwa juu ya kabati, kwa sababu barakoa inamuumiza pua, au umeme ukikatika usiku anaamka kama amekabwa, au mpira wa barakoa umechakaa na hakuna anayeuza mwingine mjini kwake. Mashine yenyewe ni nzima kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwingine: tafuta kwanza barakoa inayokaa usoni mwako, umeme utakaoiendesha mashine usiku kucha, na mtu atakayekuuzia vipuri mwaka kesho. Ukishavipata hivyo vitatu, kuchagua chapa ni kazi ndogo.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Apnea ya usingizi iliyo ya kawaida zaidi hutokea misuli ya koo inapolegea mtu akilala, njia ya hewa ikaziba, na pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni hushuka mwilini, ubongo hushtuka, mgonjwa huvuta hewa kwa kishindo, kisha hulala tena bila kukumbuka chochote. Anayejua ni yule anayelala naye chumba kimoja. CPAP husukuma hewa ya kawaida ya chumbani kupitia barakoa, na msukumo huo hulizuia koo lisizibe. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliijaribu kwa wagonjwa mwaka 1980 na kutangaza matokeo mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, waliozidiwa sana walikuwa wakitobolewa koo.

Madaktari wengi hutumia maswali manane kukisia hatari. Je, unakoroma kwa nguvu? Mchana unachoka na kusinzia? Kuna aliyekuona pumzi ikikatika usingizini? Una shinikizo la damu? Uzito wako kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu likagawanywa tena kwa urefu huo huo, unazidi 35? Umepita miaka 50? Shingo yako inazidi sentimita 40? Wewe ni mwanamume? Ukijibu ndiyo mara tatu au nne, hatari ni ya kati. Tano na zaidi, ni kubwa. Anza na daktari wa masikio, pua na koo, au wa mapafu. Kama kazi yako ni kuendesha basi, lori au bodaboda, nenda wiki hii.

Maswali hayo hayatoshi kununulia mashine. Kinachotakiwa ni kipimo cha usingizi, ama cha kulala hospitalini na nyaya mwilini, ama kifaa kidogo cha kwenda nacho nyumbani usiku mmoja au zaidi. Matokeo huja na namba iitwayo AHI, yaani pumzi imekatika au kupungua mara ngapi kwa saa. Kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni ugonjwa mwepesi, 15 hadi chini ya 30 ni wa kati, 30 na kuendelea ni mkali. Mwenye AHI ya 30 pumzi yake inakatizwa kila baada ya dakika mbili, usiku kucha.

Kipimo kina sababu nyingine. Wapo watu ambao koo lao liko wazi ila ubongo ndio unaosahau kutoa amri ya kupumua. Hao tiba yao ni tofauti, na mashine iliyonunuliwa kwa kukisia haiwafai.

Tangu janga la UVIKO-19 watu wengi wamezoea kuona mashine za oksijeni majumbani, na wapo wanaoinunulia familia mashine hiyo wakidhani inatibu kukoroma. Mashine ya oksijeni haifungui koo. Nebulaiza nayo haifungui, ile ni ya kuvuta dawa. Vile vijidude vya plastiki vya kuchomeka puani, vinavyouzwa mitandaoni kwa jina la CPAP ndogo isiyo na mpira wa kupitishia hewa wala waya, haviwezi kutoa msukumo unaotakiwa kutoka kwenye betri ndogo kiasi kile. Usivitumie pesa yako.

Hatua ya 2: Jua aina uliyoandikiwa

CPAP ya kawaida husukuma hewa kwa nguvu moja usiku kucha. Nguvu hiyo hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi hutoa kati ya 4 na 20. Ile ya kujirekebisha, APAP, hupandisha na kushusha yenyewe kadiri koo linavyoanza kuziba. BiPAP ina nguvu mbili, kubwa ukivuta pumzi na ndogo ukitoa, na hupewa wenye mahitaji makubwa zaidi au matatizo mengine ya kupumua.

Kwa mtu mwenye apnea ya kawaida ya koo, mimi naipendelea APAP hata kama bei yake imezidi kidogo. Mwili hubadilika: ukinenepa, ukikonda, ukilala chali au ukipata mafua, nguvu inayohitajika hubadilika pia, na kwetu kurudi kupimwa upya si jambo jepesi. Lakini usikubali kupewa mashine iliyoachwa ilivyotoka kiwandani, 4 hadi 20. Watu wazima wengi huhisi 4 kama hewa haitoshi, na hapo ndipo mtu anapong'oa barakoa saa nane usiku. Mwombe daktari apunguze upana huo kulingana na kipimo chako.

Kuna aina ya nne, ASV, ambayo mara nyingine huonekana kwenye matangazo ya vitu vilivyotumika kwa sababu aliyeileta hakujua ni nini. Utafiti uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa ambao moyo wao unasukuma damu kwa udhaifu na ambao apnea yao inatokana zaidi na ubongo, mashine hiyo iliongeza vifo. Usiiguse bila daktari.

Hatua ya 3: Jaribu barakoa ukiwa umelala

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Barakoa ziko za namna tatu. Ya kwanza ina vijimto viwili vya silikoni vinavyokaa kwenye matundu ya pua. Ni nyepesi, haizibi macho, inamfaa anayevaa miwani kitandani na mwenye ndevu. Ya pili hufunika pua yote. Ya tatu hufunika pua na mdomo, na hupewa anayelala mdomo wazi au ambaye pua huziba mara kwa mara. Wauzaji wengi huanza na hii ya tatu wakiamini inamfaa kila mtu, kumbe ndiyo yenye ukingo mrefu wa kuvujisha hewa. Kama pua yako inapitisha hewa vizuri, anza na ya pua.

Usikubali kuuziwa saizi kwa macho. Watengenezaji hutoa karatasi za kupimia pua na uso. Barakoa ikishavaliwa, lala kwenye kitanda au benchi, mashine iwashwe kwa nguvu uliyoandikiwa, geuka kushoto na kulia. Uso wa mtu aliyelala hautulii kama wa aliyekaa. Duka linalokataa jaribio hili halifai kuuza kifaa cha kuvaliwa usoni.

Nywele nazo zina neno. Mikanda ya barakoa hupita juu ya kichwa na nyuma ya shingo, hivyo anayesuka rasta au misuko minene ajaribu akiwa na mtindo anaokaa nao zaidi. Anayelala na kilemba au kofia ya nywele avae kwanza kilemba, kisha mikanda juu yake, na kitambaa kisiingie chini ya ukingo wa silikoni. Ndevu nyingi na barakoa ya uso mzima hazipatani. Vijimto vya pua hutatua hilo.

Kila barakoa ya CPAP ina vitundu vidogo vinavyotoa hewa kwa mlio wa chini. Hewa hiyo ni pumzi yako inayotoka. Wapo wanaoviziba kwa gundi au plasta wakidhani barakoa imetoboka, nao hujikuta wanavuta tena hewa chafu waliyoitoa. Zipo pia sokoni barakoa za wodi za wagonjwa mahututi zisizo na vitundu kabisa, nyingi zikiwa na kiwiko cha buluu. Hizo zinahitaji mashine na vali za hospitalini, usinunue hata zikiwa za bei ya kutupa. Na barakoa ya uso mzima iwe na vali ya usalama inayofunguka mashine ikizimika.

Kama wewe, au unayelala naye, ana kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, bomba la kupunguza maji kichwani au klipu ya chuma kwenye mshipa wa ubongo, kataa barakoa zenye vifungo vya sumaku. Watengenezaji wakubwa walitoa onyo hilo mwaka 2022 na 2023: sumaku zikae mbali angalau sentimita 15 na vifaa vya namna hiyo.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya umeme

Mashine nyingi za sasa hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo iliyotoka Marekani itafanya kazi Mwanza au Kisumu kwa kubadilisha plagi tu. Hata hivyo soma maandishi kwenye adapta, usimwamini mtu kwa mdomo. Umeme unaporudi baada ya kukatika huja na nguvu ya ghafla, hivyo weka kilinzi kama kile cha friji kati ya soketi na mashine.

Mgao wa umeme ndio unaowakatisha tamaa wengi. Mashine ikizimika, vua barakoa. Hilo mfundishe na unayelala naye. Kisha tafuta umeme wa akiba, na hesabu yake ni hii. Tuseme mashine yako ikiwa na kipasha maji, kile cha kuongeza unyevu kwenye hewa, inavuta wati 30 kwa wastani. Kwa saa 8 utahitaji wati-saa 240. Betri ya volti 12 yenye Ah 100, ya kawaida ya sola, ina wati-saa 1,200, lakini ya asidi usiichote zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu 600. Toa kinachopotea kwenye inveta, unabaki na takriban usiku mbili. Ukizima kipasha maji na mpira wa kupashwa moto, matumizi hushuka chini ya nusu, na betri hiyo hiyo itakupeleka mbali zaidi. Ndiyo maana ninasisitiza mashine ambayo unaweza kuzima unyevu bila mashine nzima kukataa kuwaka.

Bora zaidi ni kuiunganisha mashine na betri moja kwa moja kwa kebo yake, bila inveta. Chunga hapa: baadhi ya mashine hula volti 12, nyingine, kama ResMed AirSense 10, hula volti 24 na zinahitaji kibadilishi maalumu cha kutoka 12. Uliza kabla ya kulipa. Ukilazimika kutumia inveta, mwambie fundi wa sola unataka ya wimbi safi, ile wanayoiita pyua sain, kwa sababu zile za bei ya chini zinaweza kuharibu adapta.

Hatua ya 5: Maji, joto na vumbi la chumbani kwako

Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ina unyevu wa kutosha na wengi hulala vizuri bila kujaza tangi la maji. Arusha, Nairobi au Iringa wakati wa baridi, koo litakauka na pua kuwasha, kwa hiyo unyevu una thamani. Kwenye miinuko kuna jambo jingine. Hewa ni nyepesi, na mashine za zamani zilihitaji kurekebishwa kwa mkono. Za sasa hujirekebisha zenyewe hadi kimo kilichoandikwa kwenye kitabu chake. AirSense 10, kwa mfano, imeandikiwa hadi mita 2,591. Anayeishi Eldoret bado yumo.

Maji yanayopendekezwa na watengenezaji ni yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi. Tafadhali usiende kuyatafuta kwenye kituo cha mafuta kwa jina la maji ya betri. Jina hilo hilo hutumiwa kwa maji ya kuongezea na kwa asidi, na chupa hufanana. Nunua kwenye duka la dawa au la vifaa vya maabara. Ukikosa, tumia ya kunywa ya chupa, au yaliyochemshwa yakapoa, ukijua kwamba chumvi itaganda kwenye tangi na itabidi kulisugua. Maji ya kisima cha chumvi hata yakichemshwa hayafai. Mwaga yaliyobaki kila asubuhi.

Anayelala ndani ya chandarua aweke mashine nje, kwenye stuli iliyo chini ya kimo cha godoro ili maji yasiteremke kwenye mpira, na mpira upite chini ya pindo lililochomekwa. Kumbuka kwamba mashine inakuletea puani hewa ile ile ya chumba. Udi, dawa ya mbu ya kuwasha, mafuta ya taa au jiko la mkaa chumbani vitaingia moja kwa moja. Kichujio cha hewa kibadilishwe kila kikiwa na rangi ya kijivu. Barabara ya vumbi ikipita mbele ya nyumba, pengine kila mwezi.

Hatua ya 6: Mpya au iliyotumika?

Mashine nyingi zilizotumika zinakuja kwenye mizigo kutoka Ulaya, Marekani na Dubai, na nyingine ni nzuri. Anayeikataa kila iliyotumika anawaacha watu wengi bila tiba kabisa, kwa hiyo mimi nasema nunua, ila kagua mambo haya.

Kwanza, mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips iliita mamilioni ya mashine zirudishwe, zikiwemo DreamStation za toleo la kwanza na System One, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa ikivunjikavunjika na chembe zake kuweza kuvutwa na mgonjwa. DreamStation 2 haikuwamo. Zile za zamani bado zinazunguka sokoni kwa bei rahisi. Kama muuzaji hana uthibitisho kwamba mashine yenye namba hiyo ilitengenezwa upya na kampuni, iache. Ukiona vumbi jeusi ndani ya mpira au tangi, iache pia.

Pili, fungua menyu uangalie saa ilizofanya kazi. Mtu akilala saa 8 kila siku, mwaka mmoja ni saa 2,920, na miaka mitano ni 14,600. Kwa kawaida mashine hufikiriwa kubadilishwa baada ya kama miaka mitano. Tatu, inuse: iliyokaa kwa mvutaji sigara haiishi harufu. Nne, barakoa, mpira, tangi na kichujio nunua vipya, hivyo ni vitu vya mtu na mtu. Tano, mipangilio ya mwenye mashine wa kwanza ifutwe, daktari wako aweke yako.

Hatua ya 7: Mhoji muuzaji

Usione haya. "Kaka, mpira wa barakoa hii ukichakaa, nitaupata hapa au unaagizwa? Kwa muda gani?" "Dhamana ni ya miaka mingapi, na ikiharibika inatengenezewa hapa Dar au inapelekwa nje?" "Ina nafasi ya kadi ya kumbukumbu?" Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mashine nyingi hutuma taarifa kwa mtandao wa simu wa nchi ilikouzwa, na huku kwetu huenda zisitume chochote. Kadi ikiwemo, taarifa za kila usiku zinahifadhiwa: umevaa saa ngapi, hewa imevuja kiasi gani, AHI ilikuwa ngapi. Unaweza kuipeleka kwa daktari, na ipo programu ya bure iitwayo OSCAR inayozisoma kwenye kompyuta. Mashine isiyoonyesha zaidi ya saa ilizowaka inakuacha gizani.

Kabla ya kulipa, ulizia bima yako na upate jibu la maandishi. Omba pia bei ya barakoa ya akiba, kwa sababu katika miaka mitano gharama yako kubwa inayojirudia itakuwa hapo.

Hatua ya 8: Wiki za mwanzo

Ivae mchana kwanza, ukiwa umekaa unasikiliza redio, hadi uso uizoee. Washa kipengele cha kuanza polepole na kile cha kupunguza nguvu unapotoa pumzi. Lengo ni usingizi wote: apnea huja zaidi alfajiri, katika usingizi wa ndoto, na ndipo wengi huwa wameshaivua. Mwezi wa Ramadhani, ukirudi kulala baada ya daku, ivae tena. Hata usingizi wa mchana unahesabika.

Osha silikoni kila siku kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, mpira mara moja kwa wiki, uanike kivulini. Jiki na dawa kali huzioza. Mashine za kusafisha kwa ozoni ziache.

Rudi kwa daktari na kadi baada ya mwezi. AHI ikiwa chini ya 5 na unaamka mwepesi, hakuna cha kubadilisha. Ikibaki juu, mara nyingi barakoa inavuja. Rudi Hatua ya 3 kabla ya kulaumu mashine. Ukipungua uzito sana, pima upya. Na ukilazwa kwa upasuaji wowote, hata mdogo, nenda na mashine yako na mwambie daktari wa dawa za usingizi mapema kwamba unaitumia, kwa kuwa dawa hizo na za maumivu makali hulegeza koo zaidi, na utaihitaji tangu unapozinduka.